Koti na Kikohozi

Koti la Babu lilirudi nyumbani Zinga juzi asubuhi, ndani ya kiroba cha mchele, limekunjwa vizuri kuliko Babu mwenyewe alivyowahi kulikunja. Aliyelileta ni Bi Zena, binti mkubwa wa Mzee Kondo. Mzee Kondo tulikuwa tumemzika siku moja kabla. Nilipofungua kile kiroba, harufu ikanipiga usoni: dawa ya nondo, ugoro, na kwa mbali harufu ya makumbi ya nazi yaliyolowa, ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuiweza. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wa sekondari, nafundisha historia na nasahihisha mitihani ya watoto wa wenzangu bila huruma. Lakini nilikaa sakafuni, nikaingiza uso ndani ya lile koti, nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa kitumbua.

Bi Zena alisubiri nimalize. Kisha akasema alichokuja kusema.

"Baba aliacha neno kwamba siku akiondoka, koti lirudi kwenu. Na kesho tunaanua tanga. Babu yako hayupo, baba yako hayupo. Mtani tuliyebaki naye ni wewe, Modesta."

Akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka bila kungoja jibu. Jambo la utani haliombwi mara mbili.

Naomba niwaeleze wale ambao hawakukulia pwani. Sisi ni Wanyamwezi wa huku. Babu wa babu yangu alikuja na misafara, mzigo kichwani, akafika Bagamoyo, akaoa, akabaki. Wenyeji wetu Wazaramo na Wakwere wakawa watani wetu. Mtani anakutukana mbele za watu nawe huruhusiwi kukasirika. Anabeba kuku wako huku unamwangalia. Na ukifa, yeye ndiye anayekuja msibani kufanya vituko: anavaa nguo zako, anatembea mwendo wako, anasema kwa sauti yako, mpaka waliofiwa wacheke hata kama hawataki. Haya nayajua leo. Nilipokuwa na miaka minane sikuyajua, na hakuna mtu mzima aliyefikiri kunieleza.

Babu alikuwa katekista. Alifundisha watoto sala, na Jumapili ambazo padri hakufika aliongoza ibada mwenyewe, amevaa hilo koti hata jua likiwaka vipi. Siku nyingine zote alikuwa anafua nazi. Kifuo chake, ule mti wenye ncha ya chuma, kilisimikwa nyuma ya nyumba, na Babu alikuwa akiizungusha nazi mara tatu tu, kumbi lote liko chini. Mimi nilikuwa nakaa juu ya lundo la makumbi, natafuna kipande cha nazi, nangoja Mzee Kondo afike.

Mzee Kondo alikuwa Mzaramo, Mwislamu safi, karani mstaafu wa Mahakama ya Mwanzo. Alikuja kila siku baada ya chakula cha mchana, kalamu sikioni kama vile hajastaafu, na kigoda chake mkononi, kwa sababu alidai vigoda vya Wanyamwezi vina kunguni.

"Mnyamwezi," alikuwa akianza, "babu zako walifika hapa na mizigo kichwani, wakasahau njia ya kurudi kwao. Mtu aliyepotea njia ya Tabora atanionyesha mimi njia ya mbinguni?"

"Na nyinyi mlikuwa mmekaa mnacheza ngoma," Babu alijibu bila kuinua macho kwenye nazi yake, "mnangoja tuwaletee habari."

Wakishatukanana wakaridhika, Mzee Kondo alichomoa kalamu sikioni, akasafisha koo.

"Shauri liitwe. Pande zote mbili zipo?"

"Zipo," Babu alisema. Nami juu ya makumbi nikapiga kelele, "Zipo!"

Shauri lenyewe lilikuwa moja miaka yote: Je, Yesu alifufuka, na tunajuaje? Sikuwahi kumsikia yeyote kati yao akimdharau mtukufu wa mwenzake. Ila Mzee Kondo alikuwa amekaa mahakamani miaka mingi mno kuweza kuacha jambo lipite bila shahidi.

"Shahidi wa kwanza ni nani?"

"Maria Magdalena."

"Alimwona akitoka kaburini?"

"Alikuta kaburi liko wazi."

"Basi huyo ni shahidi wa kaburi kuwa wazi. Endelea."

"Kisha akamwona mwenyewe pale bustanini."

"Akamtambua?"

Hapo Babu alikuwa akiiacha nazi kwenye ncha ya kifuo. Angeweza kuiruka sehemu hiyo. Mimi nilitamani aruke. "Alidhani ni mtunza bustani," alisema.

Mzee Kondo alijipiga paja. "Shahidi hamtambui mtu wake! Hakimu gani atapokea hayo?"

"Kondo, wewe umeona kesi za uongo ngapi?"

"Nyingi mpaka nimezisahau."

"Mtu anayetunga uongo analeta shahidi wa namna hiyo? Si anampiga msasa kwanza? Anamfundisha aseme nilimtambua kwa kovu, nilimtambua kwa sauti. Hawa waliandika vilevile na doa lake. Hilo doa ndilo linalonifanya mimi niamini."

Mzee Kondo aliirudisha kalamu sikioni. "Hapo una hoja," alisema, na nikajua tumefunga bao.

Siku nyingine alikuja upande wa maandishi. Nani aliandika? Alikuwepo? Aliandika baada ya miaka mingapi? Kwa nini wengine wanataja malaika mmoja na wengine wawili? Babu alifua nazi tatu nzima kabla ya kujibu, kisha akauliza, "Babu yangu alivyotoka Unyamwezi kwa miguu mpaka hapa, imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa popote."

"Na mimi hapa nimekaa."

Babu naye alikuwa na zamu yake ya kuuliza. "Nyinyi mnasema hakusulubiwa. Nani alikuwepo?"

"Mwenyezi Mungu alikuwepo, naye ametuambia."

"Sasa shahidi huyo na mimi nataka kumwita upande wangu," Babu alisema, wakacheka wote wawili mpaka Babu akashikwa na kikohozi chake, kile cha mara mbili fupi na moja ndefu, ambacho mtaa mzima ulikijua.

Adhana ya alasiri ikilia, Mzee Kondo alisimama kwenda kuswali. Babu aliacha kufua mpaka mwenzake arudi. Kishindo cha nazi, alisema, kisingempa mtu utulivu. Wakati ule niliona ni kawaida tu. Sasa nikisikia watu wanavyorushiana maneno ya dini kwenye makundi ya simu, naukumbuka ule ukimya wa nyuma ya nyumba yetu, na Babu ameshika nazi mapajani, anangoja.

Tatizo ni kwamba mimi sikuelewa kuwa wale wazee walikuwa wanafurahi. Nilishabikia upande wa Babu kama watu wanavyoshabikia timu, nikaamini kwamba mchezo ule una mwisho. Nilijiambia kwamba siku Babu akishindwa, basi imekwisha: jambo lile litakuwa si kweli, na yeye mwenyewe akifa hatafufuka. Kila siku Babu alikuwa anapigania roho yake pale kwenye kifuo, na mimi peke yangu ndiye niliyejua.

Kisha Babu akaugua kifua. Akawa analala mchana, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na koti lake likawa linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake. Siku moja nilipanda kitandani kwake nikamuuliza, "Babu, na wewe ukifa utafufuka?"

"Nitafufuka, mama," alisema. Hakuonekana hata kuwaza.

Hakuniambia lini. Sikuona haja ya kuuliza, maana kila Jumapili tulisali kanisani tukisema siku ya tatu.

Alipofariki sikulia. Walimvalisha kanzu yake nyeupe ya kanisani, wakamzika pembeni ya mikorosho yetu, na mimi nilisimama pale macho makavu. Watu wakanong'ona kwamba mtoto huyu ana moyo mgumu. Lakini nilikuwa na ushahidi wangu. Kwanza, koti bado lilikuwa kwenye msumari, na Babu hakuwahi kwenda mbali bila koti. Pili, wanawake waliojaa uani walikuwa wanasema maneno yaleyale tu: vumilieni, siku ya tatu tunaanua tanga, siku ya tatu yote yatakwisha. Kulikuwa na masufuria yaliyoazimwa mpaka Kerege, mchele, mbuzi amefungwa nyuma ya choo. Sikujua kwamba huku kwetu siku ya tatu ndipo msiba unapovunjwa, watu wakala wakatawanyika. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba hakuna anayechinja mbuzi pasipo mgeni anayekuja. Kilichonishangaza ni kwamba Bibi, anayejua kila kitu, alikuwa bado analia.

Siku ya tatu niliamka kabla ya wote. Nikaenda chumbani kwa Babu. Msumari ulikuwa mtupu.

Mpaka leo siwezi kueleza sawasawa ile furaha. Haikuwa ya kushangaa. Ilikuwa kama unapomsubiri mtu kituoni na gari lake linatokea pale pale ulipotegemea. Nikanawa uso. Nikavaa gauni langu la Pasaka, nikakaa kizingitini, sikumwambia mtu.

Alitokea watu walipokuwa wanapakua chakula. Alikuja kutoka upande wa mikorosho, koti limefungwa vifungo vyote, kofia ya pama imeshushwa mpaka kwenye nyusi, fimbo mkononi, mguu wa kushoto ukiburutwa kidogo kama kawaida yake. Akakohoa. Mbili fupi, moja ndefu.

"Babu amefufuka!" nilipiga kelele. "Bibi, njoo! Babu amefufuka, nimemwona kwa macho yangu!"

Nilimkimbilia, nikamkumbatia kiunoni, nikaweka uso kwenye koti. Harufu ilikuwa ya Babu kabisa. Kisha sauti ikatoka juu yangu, "Nani huyu kakalia kiti changu?" na watu wakaangua kicheko, kicheko cha watu waliokuwa wamekikosa kwa siku tatu, na Bibi naye akacheka huku anafuta machozi. Nikainua kichwa. Chini ya pama ulikuwa uso wa Mzee Kondo.

Nilikimbia nikajichimbia nyuma ya lundo la makumbi. Kule nyuma nilisikia kicheko kikipungua kidogo kidogo, kisha fimbo ikikaribia, kisha mtu anavuta pumzi. Mtani hatakiwi kukatisha kazi yake katikati. Baadaye Bibi aliniambia hakuwahi kuona hilo likitokea msiba mwingine wowote.

"Mke wangu," Mzee Kondo aliita, kama mababu wote wanavyowatania wajukuu wa kike, "toka humo, kuna tandu."

"Wewe mwongo!" nilimwambia, mzee mzima yule.

"Leo, ndiyo. Ndiyo kazi niliyopewa."

"Umeshinda."

"Nimeshinda nini?"

"Kesi!" Na hapo yote yakanitoka. "Nilisema nimemwona kwa macho yangu, na sikumwona. Basi na wale mama wa kaburini nao walikosea hivi hivi. Utasema hivyo, na Babu hawezi kukujibu. Mimi ndiye niliyemfanya ashindwe. Sasa hatafufuka, kwa sababu yangu."

Mzee Kondo hakucheka. Alikuwa amevua pama, na nikaona macho yake ni mekundu, tena si ya siku hiyo tu. Akakaa juu ya makumbi, koti na yote. Akagusa sikio kutafuta kalamu. Hakuwa nayo, maana siku hiyo alikuwa Babu. Akachomoa uzi wa kumbi, akaushika kama kalamu.

"Shahidi, jina lako."

"Si unalijua?"

"Jina lako."

"Modesta."

"Umeona nini?"

"Nimemwona Babu."

"Uliona uso wake?"

"Hapana."

"Basi uliona nini?"

Nilifikiri. "Koti."

"Na nini tena?"

"Nikasikia kikohozi."

"Nimeandika. Koti na kikohozi." Akauzungusha ule uzi vidoleni. "Koti lilikuwepo, kikohozi kilikuwepo. Hukusema uongo, ulikosea jina. Sasa nisikilize. Yule mama wa kwenye kitabu cha babu yako alimwona mwenyewe, akadhani ni mwingine. Wewe umeona mwingine, ukadhani ni mwenyewe. Hayo ni mashauri mawili. Mimi sijawahi kuchanganya majalada."

"Kwa hiyo hujashinda?"

"Umewahi kunisikia naendesha shauri upande mmoja haupo?"

"Hapana."

"Basi limeahirishwa."

"Mpaka lini?"

Aliangalia upande wa mikorosho, kwenye udongo mpya.

"Mpaka pande zote mbili ziwepo."

"Babu atakuwepo?"

"Siku ya kiyama tutasimama wote, yule Mnyamwezi na mimi," alisema. "Hilo ndilo pekee ambalo hatukuwahi kubishania."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia siku tatu zote kwa mpigo, na yeye alinifuta kamasi kwa mkono wa koti la Babu, kisha akajifuta yeye mwenyewe kwa mkono wa pili. Tulipotulia alivaa pama, akakohoa tena kile kikohozi, akarudi uwanjani akamkamata jogoo wa Bibi na kuondoka naye. Koti hakulirudisha. Ilikuwa haki yake ya utani, na Bibi hakulidai.

Aliendelea kuja kila siku. Alikuja na kigoda chake, akakaa karibu na kifuo kilichoanza kupata kutu, akamtukana Bibi, akanywa chai, akaenda kuswali alasiri. Sikumsikia tena akisema shauri liitwe. Mwaka mmoja walikuja vijana kutoka Mapinga na vipaza sauti, wanaandaa mhadhara wa kujadili dini, wameambiwa kwamba mzee huyu ana hoja nzito kuhusu ufufuko. Tena wamesikia kuna kisa cha mtoto na koti, wanaomba akisimulie. Mimi nilikuwa nafua kanga palepale, nikahisi masikio yanawaka moto.

"Nina shauri moja halijaisha," aliwaambia. "Siruhusiwi kulizungumzia nje."

"Na mwenzako yuko wapi, mzee?"

"Ametangulia. Kunyweni chai."

Nilipokwenda chuo kusoma historia nilirudi likizo nikiwa na maneno mengi na mashaka mengi zaidi, na siku moja nilimwambia kwamba kile kisa changu, ukikitazama kitaalamu, kinaonyesha jinsi imani zinavyoanza. Mtoto anampenda mtu, anaona koti, basi. Nilitaka aniambie nina akili. Alinitazama kama anavyotazamwa wakili aliyekuja mahakamani bila jalada.

"Ushahidi wako ulithibitisha koti na kikohozi," alisema. "Usiutumie kuthibitisha zaidi ya hapo, wala kukanusha zaidi ya hapo. Babu yako angekuchapa."

Nasali bado, ikiwa mnataka kujua. Kuna Jumapili nasadiki kila neno, na kuna Jumapili nashika tu yale nisiyoweza kuyaacha. Wanafunzi wangu wanilalamikie wanavyotaka, kila wakiniletea jibu nawauliza: uliona uso, au uliona koti? Hawajui swali hilo nimelitoa wapi.

Jana basi, siku ya tatu ya Mzee Kondo, nilivaa koti la Babu. Linanipwaya mabegani na mikono inafunika vidole. Bi Zena alikuwa ameniachia kofia ya baba yake mlangoni, ile nyeupe ya kudarizi, nikaivaa, nikachomeka kalamu sikioni, nikachukua kigoda chake. Nilikuwa na hofu kuliko siku yangu ya kwanza darasani. Nilipotokea uwanjani, koti la mmoja na kofia ya mwingine, niliona wale wakubwa waliowajua wote wawili wakishika midomo. Niliweka kigoda katikati ya watu, nikakikagua kama kina kunguni, nikawaambia Wazaramo wote waliopo kwamba nimekuja kudai jogoo wa bibi yangu na vifaranga wake wa miaka yote hii. Wakacheka. Nikasafisha koo. Nikachomoa kalamu.

"Shauri liitwe," nilisema kwa sauti ya Mzee Kondo. "Pande zote mbili zipo?"

Bi Zena, aliyekuwa hajatabasamu tangu siku ya mazishi, akaitika kutoka kwenye mkeka, "Zipo!"

Nilitakiwa kuendelea. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuchekesha, shahidi wa kwanza ni nani, alimwona au aliona kaburi. Lakini nilisimama tu pale na kalamu hewani, na watu wote wananitazama.

Bi Zena akainuka, akanishika mkono juu ya lile koti, akaniketisha taratibu kwenye kigoda cha baba yake.

"Waache wazee wetu," akasema. "Waanze wenyewe."